Nketia alianzia kwenye maneno: jibu kwa mwanafunzi wa Dodoma

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya kwanza ya muziki, mwaka wa tatu. Bibi yangu mzaa mama ni mpigaji wa ngoma ya muheme huko kwetu Ugogo, na nataka tasnifu yangu iwe juu yake. Msimamizi amesema nianze kwa kumsoma Kwabena Nketia. Nimetafuta, nikakuta ni Mghana aliyeandika kuhusu ngoma za Waakan. Sasa huyu ananihusu nini? Alifanya nini hasa mpaka kila mtu anamtaja, na je, anafaa kwa muziki wa huku kwetu au ni jina la kujazia marejeo tu?

Jibu: Marahaba, mjukuu wa mpiga muheme. Hilo swali la mwisho ndilo lililonikalisha kitako, maana ni kweli wako wanaomtaja Nketia kama mtu anavyovaa tai siku ya usaili. Haimsaidii kazi, ila anaogopa kuonekana hana. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwenye tasnifu yangu ya kwanza. Nilimnukuu ukurasa wa pili, tukaonana tena kwenye orodha ya vitabu mwishoni.

Nilikuja kumsoma sawasawa baada ya kuaibika. Nilikwenda kijiji kimoja na kinasa sauti, nikamkuta mzee mpiga ngoma, nikamwomba anipigie "mapigo" yake ili niyaandike kwa nota. Akaniuliza, "Ya shughuli gani?" Nikamwambia yoyote tu. Akacheka, akaniambia kuna ngoma ya kumtoa mwali na kuna ngoma ya kumwita fundi, sasa yeye anipigie hapo uani mchana kweupe, amtoe nani? Nilirudi mjini na kanda tupu. Nilipokifungua tena kitabu cha Nketia nikakuta lile swali la mzee limejaa humo kurasa kwa kurasa.

Joseph Hanson Kwabena Nketia alizaliwa tarehe 22 Juni 1921 huko Mampong, katika nchi ya Waasante, ambao ni sehemu ya Waakan, wakati Ghana bado inaitwa Gold Coast. Alifariki tarehe 13 Machi 2019, ana miaka 97, na serikali ikamzika kwa heshima ya taifa. Mwaka 1937 aliingia chuo cha ualimu cha Wapresbiteri cha Akropong, na baadaye akawa mwalimu hapohapo.

Akropong ina kisa chake. Miaka minne kabla Nketia hajafika, kanisa lilimwondoa chuoni mwalimu wa muziki aliyeitwa Ephraim Amu. Kosa lake ni kwamba alipanda mimbarini kuhubiri amejifunga kitambaa cha kienyeji badala ya suti, na juu ya hayo alikuwa ameanza kuleta ala za Kiafrika kwenye ibada. Amu akaenda zake, lakini nyimbo zake za kwaya zikabaki midomoni mwa wanafunzi. Nketia alizikuta, akamtafuta mwenyewe, na maisha yake yote hakuacha kusema kwamba Amu ndiye aliyemwonyesha njia.

Hapa panahitaji kueleweka, kwa sababu ndipo kila kitu kinapoanzia. Kitwi, lugha ya Waakan, kina toni. Neno lilelile likipandishwa au kushushwa sauti linakuwa neno jingine. Wamisionari walichukua tuni za Ulaya wakazibandika maneno ya Kitwi, na tuni inapopanda pale neno linapotaka kushuka, waumini wanaimba jambo ambalo hakuna aliyekusudia. Sisi wa Kiswahili tunaonja kidogo tu ya hiyo. Bila shaka umeshaimba wimbo wa kitabuni uliotafsiriwa, ukalazimika kuvuta "mwoko-ZIII" ili silabi zitoshe kwenye tuni. Kwetu unakera masikio basi. Kwa msemaji wa Kitwi maana yenyewe inahama. Amu alitunga nyimbo zake kwa kuufuata mdomo, tuni ikipanda na neno, ikishuka na neno. Kijana Nketia akaelewa kwamba anayetaka kuujua muziki wa watu wake lazima kwanza ajue lugha yao inavyopanda na kushuka.

Ndiyo maana alipokwenda London mwaka 1944 hakuanza na chuo cha muziki. Alisoma fonetiki na isimu katika chuo cha masomo ya Mashariki na Afrika, huku akisaidia kufundisha Kitwi. Muziki wa Kizungu aliusomea baada ya hapo, Trinity College of Music, pamoja na shahada ya Birkbeck. Akarudi nyumbani mwaka 1949. Mwaka 1952 K. A. Busia, mwanasosholojia ambaye baadaye alikuja kuwa waziri mkuu wa Ghana, alimchukua chuo kikuu kuwa mtafiti. Angalia alikowekwa: idara ya sosholojia. Kwa hiyo mtu huyu tunayemwita mkubwa wa ethinomuzikolojia ya Afrika, yaani fani ya kuchunguza muziki ndani ya jamii yake, aliandaliwa na wanaisimu, akaajiriwa na wanasosholojia, na jioni akawa anatunga muziki wa piano. Ukilishika hilo, vitabu vyake havitakusumbua.

Kitabu chake kilichomtangaza kwanza kilitoka mwaka 1955 na kinahusu mbolezi, yaani nyimbo za kilio cha msiba, za Waakan. Wewe ni Mgogo, kwa hiyo msiba unaujua. Wanawake wanaingia uani, mmoja anaanza kulia kwa sauti ya kuimba, anatembea, mkono kichwani, anataja majina. Mgeni anasikia kilio cha uchungu, basi. Nketia aliketi na wale mama, akaandika neno kwa neno, akaonyesha kwamba ndani ya kilio kuna utungo wenye kanuni. Mwombolezaji humtaja mhenga wa yule marehemu, humtaja marehemu mwenyewe kwa majina ya sifa, hutaja mahali ukoo ulikotokea, kisha hutoa mawazo yake au ujumbe wa kupelekwa kuzimu. Akazipanga mbolezi hizo kwa aina, kufuatana na jinsi zinavyojengwa. Mama asiyejua kusoma akaonekana ni mshairi anayebeba historia ya ukoo mzima kichwani, na anayeitoa wakati machozi yanamtiririka kweli. Mimi naona hiki ndicho kitabu chake bora, ingawa wengi hukiruka wakakimbilia ngoma.

Haya, na ngoma zenyewe. Mwaka 1963 alitoa kitabu kikubwa juu ya upigaji ngoma katika jamii za Waakan. Humo alieleza kwamba mpigaji wa Kiakan ana namna tatu za kupiga. Ya kwanza ni ishara: mapigo mafupi yanayorudiwarudiwa, yanayojulikana na watu wote kwamba ni mwito fulani. Ya pili ni usemi: ngoma inasema maneno. Ya tatu ni mchezo, ngoma ya kuchezwa. Ngoma moja yaweza kupita zote tatu katika shughuli moja, na mcheza mzuri anaweza kuwa anarusha miguu huku anasikiliza anavyosemwa.

Ile ya pili ndiyo huwashangaza watu, na wengi huieleza vibaya. Hakuna msimbo wa siri pale, wala alfabeti ya mapigo kama ya simu za zamani. Kuna ngoma mbili ziitwazo atumpan, zinazosimamishwa sambamba mbele ya mpigaji mmoja. Moja ina sauti nene, huitwa dume. Nyingine ina sauti nyembamba, huitwa jike. Mpigaji ana fimbo mbili zilizopinda nchani. Silabi ya toni ya chini anaipiga kwenye dume, ya toni ya juu kwenye jike, na mwendo wa mapigo unafuata mwendo wa ulimi. Kinachotoka ni sentensi iliyobaki na wimbo wake bila konsonanti wala irabu. Mwakan aliyefunzwa anayajaza yale yaliyokosekana.

Utauliza, kama kimebaki kiimbo tu, maneno mawili yenye toni sawa yanatofautishwaje? Hapo ndipo ngoma inapogeuka mshairi. Haisemi neno moja tupu. Inasema kifungu kizima kilichozoeleka, na kile kifungu kirefu ndicho kinachoondoa utata. Mfano ulio jirani nasi zaidi ni wa Walokele wa pembezoni mwa Mto Kongo, upande wa Kisangani, mji ambao Kiswahili kinasemwa sokoni kila siku. Mmisionari John Carrington, aliyeishi huko na kuandika kitabu chake mwaka 1949, alieleza kwamba kwa Kilokele songe ni mwezi, koko ni kuku, na fele ni aina ya samaki, na yote matatu yana toni mbili za juu. Kwenye ngoma yao ya gogo lililochimbwa ndani yanalia sawasawa kabisa. Basi mpigaji hasemi "songe" peke yake, anasema mwezi unaoitazama nchi kutoka juu, na kuku anamwita kijana mdogo asemaye kiokio. Carrington na Nketia walikuwa mbali kabisa mmoja na mwenzake, lakini walisikia jambo lilelile.

Na Kiswahili je? Ngoma ya Mswahili haiwezi kusema Kiswahili kwa namna hiyo, kwa sababu Kiswahili kilikwisha kuacha toni. Tunao mkazo, nao unakaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Jozi kama barabara ya magari na barabara ya "sawasawa kabisa", ambayo watu wa zamani huitamka kwa mkazo wa mbele, ni za kuhesabika kwa vidole. Lugha nyingi za Kibantu za bara, hata hivyo, bado zina toni. Kwa hiyo ukikaa na bibi yako, usimhoji kwa Kiswahili halafu ukadhani umeshamsikia.

Kuna utangulizi mmoja wa mpiga atumpan ambao Nketia aliuandika, na ambao mimi huwasomea wanafunzi kila mwaka. Kabla ya kusema lolote la mfalme, mpigaji hushukuru vitu vilivyoitengeneza ngoma yake. Huuita mti wa tweneboa, ambao ndio uliochongwa. Humwita tembo, ambaye ngozi yake imewambwa. Huiita ardhi. Kisha huomba, kwa kuwa yeye bado anajifunza, afanikiwe. Mpigaji wa ikulu, mtu mzima mwenye mvi, anatangaza mbele ya watu wote kwamba bado anajifunza.

Sasa mwendo, yaani ridhimu, ambao ndio sababu vyuo vya muziki vinamkumbuka. Kabla yake mtu aliyetawala uwanja alikuwa A. M. Jones, mmisionari aliyekaa muda mrefu nchi ambayo leo ni Zambia. Mwaka 1959 Jones alitoa vitabu viwili vizito vya muziki wa Afrika vyenye nota nyingi, hasa za Waewe, watu wa Afrika Magharibi. Alifanya kazi ya jasho, simdharau. Lakini aliamini kila ngoma kundini ina mwanzo wake, kwa hiyo kila chombo akakipa mistari yake ya baa, ile inayoyakata mapigo katika mafungu. Ukiziangalia karatasi zake utaona mistari imepishana kama ua la miti lililopitiwa na ng'ombe. Msomaji anabaki anajiuliza hawa watu wanaanzaje pamoja, na wanamalizaje.

Nketia aliandika vyombo vyote chini ya kipimo kimoja, mara nyingi sita kwa nane, yaani mapigo sita ya haraka katika kila fungu. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayejua kucheza: wapigaji wana pigo moja la pamoja wanalolisikia, hata kama hakuna anayelipiga, na wachezaji wanalikanyaga. Kisha kuna kengele ya chuma, au makofi, inayorudia kauli moja fupi kutoka mwanzo hadi mwisho, ambayo kila mtu anaitumia kujua yuko wapi. Kauli hiyo yeye ndiye aliyeipa jina ambalo sasa linatumika dunia nzima, time line. Kwa Kiswahili huwa naiita mstari wa muda. Mtu wa Pwani atanielewa nikimwambia amfikirie mpiga upatu: ngoma kubwa inaweza kuruka itakavyo, upatu hautoki mahali pake.

Usiamini kwa kusoma tu. Simama. Hesabu moja hadi kumi na mbili, polepole, bila kutua, ukifika kumi na mbili urudi moja. Mguu wako ukanyage kwenye 1, 4, 7 na 10. Ukishazoea, piga makofi kwenye 1, 3, 5, 6, 8, 10 na 12. Hiyo ni kauli ya kengele inayojulikana sana kwa Waewe wa Ghana na Togo. Utaona mguu na kofi vinakutana mara mbili tu, kwenye 1 na kwenye 10. Kwingine kote vinapishana. Dakika tano za kwanza utajiona mjinga. Ukishakaa, mwili utakwambia kwamba mguu ndio nyumbani, na kofi linatoka nyumbani likirudi. Huwezi kulijua hilo kwa kutazama karatasi ya Jones. Baadaye Mghana mwingine, Kofi Agawu, aliutetea uandishi wa namna ya Nketia kwa hoja kali, akawalaumu wasomi wa nje kwa kupenda mno kuonyesha kwamba ridhimu ya Mwafrika ni muujiza usioandikika kama muziki wa watu wengine.

Upande wa taasisi nitaenda haraka, kwa sababu majengo hayanivutii sana. Ghana ilipata uhuru 1957, na Nkrumah alitaka utamaduni uwe na chuo chake. Taasisi ya masomo ya Afrika pale Legon, kwenye Chuo Kikuu cha Ghana, ilianzishwa 1961, na Nkrumah mwenyewe akaifungua rasmi Oktoba 1963. Pamoja nayo ikaja shule ya muziki na maigizo, na kundi la ngoma la taifa ambalo Nketia aliliunda pamoja na mwalimu wa ngoma Mawere Opoku mwaka 1962. Mwaka 1965 Nketia akawa Mwafrika wa kwanza kuiongoza taasisi hiyo, na akaiongoza kwa miaka mingi. Wapiga ngoma wa vijijini waliletwa chuoni kuwa walimu, kinyume kabisa na mambo yalivyokuwa Akropong mwaka 1933.

Hapa nyumbani upepo huohuo ulikuwa unavuma. Desemba 1962 Nyerere, akihutubia kama rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika, aliuliza ni wangapi kati ya wasomi wanaojua rumba na cha-cha-cha waliowahi kucheza, au hata kusikia, gombesugu, mangala, konge, nyang'umumi, kiduo au lelemama. Tukapata wizara ya utamaduni, tukapata kundi la ngoma la taifa, na baadaye chuo cha sanaa Bagamoyo. Mwaka 1963 pia padri Stephen Mbunga wa Peramiho alichapisha kitabu chake kuhusu sheria ya kanisa na muziki wa Kibantu, akipigana vita vilevile vya Amu kwa silaha za Kikatoliki. Kilichotupungukia, kwa maoni yangu, ni mtu wa kukaa na wapigaji na kuandika maneno yao miaka hamsini mfululizo. Ngoma zetu tulizipeleka jukwaani kabla hatujaziandika.

Marekani alikwenda mara ya kwanza 1958 kwa ufadhili wa Rockefeller. Alisoma utunzi kwa mtunzi Henry Cowell, akakutana na mwanaanthropolojia Melville Herskovits na wengine waliokuwa wanaijenga fani. Chama chao cha ethinomuzikolojia kilikuwa na miaka mitatu tu, kwa hiyo aliwakuta bado wanabishana fani yao ni nini. Baadaye alifundisha chuo kikuu cha California mjini Los Angeles hadi 1983, kisha Pittsburgh, huku mguu mmoja ukiwa Legon. Wanafunzi wake wamesambaa. Mmoja wao, Jacqueline Cogdell DjeDje, alihariri juzuu mbili za makala za kumuenzi, zilizotoka 1989 na 1992. Idara hiyohiyo ya Los Angeles ndiyo aliyopata udaktari wake Mkenya Jean Kidula, ambaye kitabu chake cha 2013 juu ya nyimbo za kidini za Walogooli nakusihi ukisome kabla ya vingine vyote vya jirani. Mjukuu anayeandika nyimbo za kwao atajifunza mengi humo.

Na kuna mgeni mmoja wa Legon ambaye huwa namtaja darasani ili wanafunzi waamke. Mtunzi Steve Reich wa New York alifika kwenye taasisi hiyo mwaka 1970 kujifunza ngoma kwa bwana mmoja wa Kiewe aliyekuwa mwalimu hapo. Alipanga kukaa zaidi, malaria ikamrudisha mapema. Aliporudi akatunga kazi ndefu ya ngoma ambayo leo inapigwa kwenye kumbi za Ulaya na Marekani. Watu wanaomshangilia ukumbini hawajui kwamba nyuma yake kuna mpango wa Nketia wa kuwaajiri wapigaji wa kijijini kama wahadhiri.

Nketia mwenyewe hakuacha kutunga. Ana vipande vya piano vilivyojengwa juu ya nyimbo za kazi na kauli za kengele, na mwaka 1994 alitoa vipande kumi na viwili vya kufundishia piano kwa namna ya Kiafrika. Kama kuna piano inayofanya kazi chuoni kwenu, jaribu kimoja. Utajikuta mkono wa kushoto unafanya kazi ya kengele.

Sasa nikuonye. Kitabu utakachopewa kwanza ni The Music of Africa cha 1974, maana ndicho kilichosambaa kuliko vyote na kimefasiriwa kwa lugha nyingi. Kina sehemu nne: muziki katika jamii, ala, miundo, na muziki pamoja na sanaa nyingine. Ni kitabu kizuri cha kufungulia macho, ila ukikisoma kama msahafu kitakupoteza. Afrika ya Kaskazini ameiacha kando kwa makusudi, na mtu wa Zanzibar mwenye udi na kanuni, ala zake za nyuzi, nyumbani hatajiona sana humo. Mifano ya Ghana imejaa, halafu kwingine anapita kama basi la usiku. Anaposema "Waafrika hufanya hivi", weka penseli pembeni andika: wapi?

Hasa kwenye ule mstari wa muda. Gerhard Kubik, Mwaustria aliyekuja Uganda mwishoni mwa miaka ya 1950 akajifunza marimba ya amadinda kwa Evaristo Muyinda, alionyesha kwamba kauli za kengele za namna ile ni mali ya Afrika Magharibi na Kongo zaidi, na kwamba sehemu kubwa ya Afrika Mashariki haina kabisa. Kwenye amadinda watu wawili wanakaa wakitazamana na kila mmoja anajaza nafasi za mwenzake. Noti ya huyu, noti ya yule, hadi masikio yasikie tuni ambayo hakuna hata mmoja wao anayeipiga peke yake. Hakuna kengele ya kumwongoza mtu. Sasa mwanafunzi aliyemsoma Nketia vibaya akifika pale atatafuta kengele mpaka jioni, na asipoiona atasema muziki umepungukiwa. Kwa muheme wa bibi yako, kama kuna kitu kinachorudiwa ambacho wengine wanakishikilia, kiandike. Kama hakipo, usikitengeneze ili msimamizi afurahi.

Basi anakuhusu nini? Anakuhusu kwa ule utaratibu wake wa kazi, ambao hautegemei Ghana. Yeye angemwendea bibi yako hivi. Asingeanza na ngoma. Angeanza na majina: ile ngoma ndogo inaitwaje, ile kubwa inaitwaje, na kwa nini. Angeuliza ni nani anaruhusiwa kuibana mapajani na nani haruhusiwi, na aliyemfundisha bibi ni nani, na huyo alilipwa nini. Angeandika maneno ya nyimbo zote kwa Kigogo, pamoja na toni zake, kabla ya kuandika nota hata moja. Angeuliza kuna ngoma ya shughuli gani na ni nani anatolewa, kama yule mzee alivyoniuliza mimi. Kisha angeketi ajifunze kupiga, akosee, achekwe, na bibi angesema mambo wakati wa kumkosoa ambayo hangeyasema kwenye mahojiano.

Kwako kuna shida moja ambayo Nketia kwenye ngoma za Waakan hakuwa nayo kwa namna hiyohiyo: muheme ni ngoma ya wanawake, na wewe hujaniambia kama ni wa kike au wa kiume. Kama ni wa kiume, kuna sehemu bibi hatakuonyesha, na usimlazimishe. Muombe mama yako mdogo au dada yako awe karibu, na kwenye tasnifu useme wazi ni wapi uliambiwa utoke.

Vitabu usome kwa mpangilio huu: mbolezi kwanza, upigaji ngoma wa Waakan pili, na kile cha 1974 mwisho, ukiwa tayari na maswali yako. Makala yake ya 1962 kuhusu tatizo la maana katika muziki wa Afrika ni fupi, isome usiku mmoja. Ukienda nyumbani likizo hii, siku ya kwanza kiache kinasa sauti kwenye begi. Muulize bibi majina ya ngoma zake, uyaandike kwa mkono, halafu nitumie hiyo orodha.